Kidhibiti cha mashine ya kufulia

Kidhibiti cha mashine ya kufulia ni bodi ya saketi inayoamua lini maji yaingie, mota izunguke na pampu itoe maji machafu. Kimechukua nafasi ya taima ya kimakanika, ambayo mota yake ndogo ilizungusha kamu zilizofunga na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Bodi husoma kina na joto la maji kupitia vihisi, hivyo mashine hutumia maji na umeme kidogo. Faida hiyo si haba.

Adui wake mkubwa ni umeme wenyewe. Unaporudi ghafla baada ya kukatika, volti huweza kupanda na kuunguza saketi inayoupokea. Kapasita huvimba kichwani kwa joto la miaka, miguso ya relei huungua, na unyevu hula njia za shaba. Mara nyingi kilichokufa ni kipuri kimoja cha bei ndogo, lakini mwenye mashine huuziwa bodi nzima, au mashine hutupwa. Huo ni upotevu usio na sababu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2023, inayotumika tangu Machi 2021, inawataka watengenezaji wawapatie mafundi bodi hizo kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli husika kuingia sokoni.