Mwalimu aliyekuza maua bila kuwa mkulima

Hivi nani alituambia kuwa picha haidanganyi? Huku kwenye vyumba vya habari msemo huo hauishi, hasa picha ikiwa imepigwa kwa karibu sana. Tunaamini kwamba kamera ikisogea, ukweli nao umesogea. Ndugu msomaji, hebu leo tumwangalie Mjerumani mmoja, Karl Blossfeldt.

Alizaliwa mwaka 1865 na hakusomea upigaji picha. Ujanani alijifunza uchongaji katika kiwanda cha kusubu chuma, kisha akafundisha chuo cha sanaa mjini Berlin kwa takriban miaka 30. Aliamini kwamba msanifu wa mageti, nguzo na mapambo anapaswa kujifunza kutoka kwa mimea. Tatizo ni kwamba ua hunyauka, na kichipukizi ni kidogo mno kuonekana na darasa zima. Akatumia kamera ya mbao ya kujitengenezea, akavikuza vitu hivyo hata mara 30. Zile nyuzi za mmea wa maboga zinazojikunja zikitafuta pa kushika, kwake zinaonekana kama nondo zilizopindwa na fundi hodari.

Kwa miaka mingi picha hizo zilikuwa vifaa vya kufundishia tu. Mwaka 1926 Karl Nierendorf, mwenye jumba la sanaa, akazionyesha Berlin. Mwaka 1928 kikatoka kitabu, Urformen der Kunst, na mwalimu aliyevuka miaka 60 akawa maarufu ghafla. Alifariki mwaka 1932.

Watu walisema wameiona asili yenyewe. Kumbe Blossfeldt alichagua mmea uliomfaa, akapogoa majani, akang'oa petali, akaweka nyuma karatasi isiyo na kitu. Hapo huoni udongo, mdudu wala jirani wa ua hilo.

Je, alidanganya? Mimi nasema hapana. Darasani alifundisha umbo, na kupogoa kulisaidia umbo lionekane. Utata ulianza picha zilipotoka darasani, zikapewa kazi ya kuwa ushahidi wa jinsi asili ilivyo.

Nasi magazetini tunapogoa kila siku, tunapokata pembeni mwa picha ibaki sura moja. Kwa hiyo ukiona picha ya karibu, iwe ya ua au ya mama anayelia ukurasa wa mbele, usiishie kusema "nimeona". Uliza pia: yale majani yaliyopogolewa yako wapi?