Mgeni wa South Georgia

Mwaka 1775 nahodha James Cook alishuka South Georgia, kisiwa cha barafu kusini mwa bahari ya Atlantiki, kisichokuwa na watu. Habari zake za sili ziliwavuta wawindaji. Na katika merikebu zao walishuka panya, wakala mayai na makinda ya ndege. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mwenyeji aliangamia. Panya walianza kuuawa mwaka 2011, na mwaka 2018 kisiwa kilitangazwa kuwa kimetakasika nao. Kwa hiyo leo meli ya watalii huomba kibali kwanza, na kila msafiri, kabla ya kukanyaga ufuko, husugua viatu na kupekua mifuko, asije akaingiza hata mbegu moja. Mgeni mwema wa kisiwa hicho ni yule ajaye mikono mitupu.