Kutoka kwa Dereva hadi kwa Klachi: Historia Fupi ya Mfumo wa Kiotomatiki wa Kuendesha Magurudumu Manne, 1972–1998

Subaru ilipotoa Leone ya magurudumu manne mwaka 1972, uamuzi wa kuunganisha ekseli ya nyuma ulibaki kwa dereva, aliyetumia wenzo. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ekseli zikiwa zimefungamanishwa juu ya lami kavu, gia na shafti huelemewa. Insha hii inadai kwamba mfumo wa kiotomatiki haukuondoa uamuzi huo, bali uliuhamisha, na pamoja nao ukahamisha wajibu.

Hatua ya kwanza ilitegemea tabia ya kimiminika. Katika Volkswagen Golf Syncro ya mwaka 1986, kati ya ekseli mbili palikuwa na kikasha chenye sahani nyingi zilizozamishwa katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yalipoteleza, sahani zilizunguka kwa kasi tofauti, na ukinzani wa mafuta ukazikokota zile za nyuma.

Honda CR-V ya mwaka 1995 ilitumia pampu mbili: moja ikizungushwa na mwendo wa mbele, nyingine na wa nyuma. Kasi zilipotofautiana, shinikizo la mafuta lilibana klachi, nguvu ikafika nyuma. Mwaka 1998, klachi ya Haldex katika Audi TT ilikabidhi udhibiti wa shinikizo kwa kompyuta. Hata hivyo, mifumo yote mitatu ilihitaji kwanza tofauti ya mzunguko. Msaada ulifuata mtelezo, haukuutangulia.

Athari za uhamisho huo zinaonekana hata mbali na viwanda vilikobuniwa. Magari ya aina ya CR-V yaliingizwa Kenya na Tanzania yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Mmiliki wake hahitaji kujua lini aunganishe ekseli, lakini fundi lazima ajue kwamba difu ya nyuma inataka mafuta yake maalumu, na kwamba matairi yaliyochakaa kwa viwango tofauti huufanya mfumo uhisi mtelezo usiokuwapo. Aidha, mfumo husaidia gari kuondoka, si kusimama: umbali wa kufunga breki haupungui. Hivyo basi, kilichorahisishwa ni kazi ya mkono. Maarifa yanayohitajika hayakupungua, yalihamia gereji.