Nakala ya lini?

Wadau, wiki jana mteja mmoja hapa Eldoret alinipigia simu: diski ya kompyuta ya duka imekufa. Nakala rudufu ipo? Ipo. Ya lini? Ya miezi mitatu iliyopita. Nikakumbuka Mosoriot.

Katika kituo hicho cha afya, kusini mwa mji wetu, rekodi za wagonjwa zilianza kuingizwa kwenye tarakilishi Februari 2001, kwa Microsoft Access, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Kwa miezi sita yaliingia mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190. Pigeni hesabu: karibu 385 kwa wiki. Nakala iliyochelewa wiki moja tu ingekosa hayo yote, na dawa walizoandikiwa watu humo.

Umeme waliuwekea akiba. Mimi kinachonivutia ni karatasi (sisi waandika programu huicheka): kila hudhurio liliandikwa kwanza kwenye fomu, ndipo likachapwa. Diski ikifa, fomu iko pale, ya leo hii hii.

Mteja wangu ana vitabu vya risiti vya kaboni, boksi zima. Tunachapa. Tumefika wiki ya pili.