Maoni ya watazamaji yanavyoinoa video ya mwanafunzi

WANAFUNZI wa A-level nchini Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari kwa mtaala wa bodi ya OCR, ulioanza kufundishwa mwaka 2008, waliweza kuchagua kutengeneza video ya muziki, pamoja na jalada la albamu na tangazo la jaridani. Katika tathmini walitakiwa kueleza walichojifunza kutokana na maoni ya watazamaji.

Swali hilo lina uzito, kwa kuwa mtengenezaji anakijua kisa chake kwa undani, ilhali mtazamaji ana dakika tatu au nne tu za kukielewa.

Njia ifaayo ni kuionyesha video ingali rasimu, kwa vijana wa rika inalolilenga, bila kuwasimulia kisa. Kisha waulizwe kwa maandishi, pasipo kuandika majina: Umeelewa nini? Ulichoshwa na sehemu gani? Je, midomo ya mwimbaji inaendana na sauti? Marafiki wakiulizwa ana kwa ana, aghalabu husifu tu.

Lalamiko la mmoja huenda likawa suala la mapenzi yake. Wengi wakitaja sehemu ileile, hiyo ni kasoro ya kurekebishwa. Toleo jipya lionyeshwe kwa watazamaji wengine, maana wale wa kwanza tayari wanakijua kisa.