Pembe Tatu na Mlima Mmoja

Mwanzoni mwa karne ya 11, karibu na ngome ya Nandana katika nchi ambayo leo ni Pakistan, Abu Rayhan al-Biruni aliupima ukubwa wa dunia kwa kutumia mlima mmoja. Karne mbili kabla yake, Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad alikuwa ametuma wapimaji wakatembee jangwani, kaskazini na kusini, hadi mwinuko wa jua ubadilike kwa digrii 1. Al-Biruni hakuona haja ya kuhangaika hivyo.

Alipokuwa bondeni alipima pembe ya kilele kutoka sehemu mbili zilizo kwenye mstari mmoja. Tanjenti za pembe hizo, pamoja na umbali wa kati, zikampa kimo cha mlima: dhiraa 652. Kisha akapanda, akatazama upeo wa macho umeinama kiasi gani chini ya mstari wa usawa. Akapata dakika 34, zaidi kidogo ya nusu digrii.

Yaliyobaki yalikuwa ya kalamu. Mstari wa macho unapogusa dunia hukutana na nusu kipenyo chake kwa digrii 90. Hiyo ni jiometri. Nusu kipenyo chenyewe kimekaa pande zote mbili za mlinganyo, na kukitoa humo ni aljebra. Kosaini ndiyo iliyoziunganisha. Jibu likawa dhiraa zipatazo milioni 12.8.

Wanaomsifu kwa usahihi huzidisha chumvi. Mwanga hupinda ukipita hewani, na ukikosea dakika 1 tu katika zile 34, jibu huyumba kwa takriban asilimia 6. Uhodari wake uko kwenye njia.

Vipimo hivyo vya pembe, kama tanjenti na kosaini, vilikuwa na wazee wengi. Saini ilitoka India. Tanjenti ilikuzwa na wapima vivuli, maana hata wakati wa sala ya alasiri hujulikana kwa urefu wa kivuli. Yote hayo yalikuwa chini ya elimu ya falaki, mpaka Nasir al-Din al-Tusi, katika karne ya 13, alipoiandikia trigonometria kitabu kama elimu inayojitegemea.

Mwaka 1748 Leonhard Euler aliziunganisha saini na kosaini na vipeo vya namba. Joseph Fourier naye, katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto, akajumlisha mawimbi ya saini kueleza jinsi joto linavyosambaa. Pembetatu hapo hata huioni. Picha za JPEG zinazojaa kwenye simu zetu hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, kila kipande kikaandikwa kama jumla ya mawimbi ya kosaini, na yale yasiyoonekana vizuri kwa jicho yakapunguzwa.