Julia Pastrana alikuwa mtu

Vijana wenzangu, maneno haya mmeyasikia kwenye foleni ya maji: msichana akiota ndevu, basi karogwa, au si mwanamke kamili. Leo tuone historia inatuambia nini.

Julia Pastrana alizaliwa Meksiko mwaka 1834. Nywele nyeusi zilimfunika uso na mwili. Alijua kuimba na kucheza dansi, lakini kuanzia 1854 watu wa Marekani, kisha Ulaya, walilipa kiingilio ili wamshangae tu. Matangazo yalimwita nusu mtu, nusu mnyama. Meneja wake, Theodore Lent, akamwoa. Mwaka 1860 Julia alijifungua huko Moscow. Mtoto akafa, na siku chache baadaye mama naye akafa. Mnajua mume alifanya nini? Maiti zote mbili zilitiwa dawa zisioze, akaendelea kuzitembeza kwa kiingilio! Julia alikuja kuzikwa kwao Sinaloa mwaka 2013, miaka 153 baada ya kufa.

Kumbe Julia alizaliwa na hali hiyo, nayo ni nadra sana. Dada zetu wengi wenye ndevu wana sababu nyingine. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo. Zikizidi, nywele huota kidevuni, kifuani na tumboni. Mwaka 1935 huko Chicago, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal waliandika kuhusu wanawake 7 ambao hedhi zao zilivurugika na ovari zao zilikuwa kubwa, zimejaa vifuko vidogo. Baadhi yao walikuwa na nywele nyingi. Hali hiyo ndiyo leo inaongoza kwa kuleta ndevu kwa wanawake. Uzito mkubwa huizidisha. Mengine ni urithi wa familia, shida ya tezi zilizo juu ya figo, na dawa fulani. Uchawi haumo.

Kwa hiyo dada, kama una ndevu na hedhi inaruka miezi, nenda kliniki, maana hali hii inaweza kuchelewesha mimba na kuleta kisukari, na ina matibabu. Nywele zikija ghafla na sauti ikawa nzito, usingoje hata wiki.

Nanyi wahudumu wetu, muulizeni pembeni, si mbele ya foleni. Julia alitazamwa na umati maisha yake yote. Dada huyu anahitaji mtu mmoja tu wa kumsikiliza, na mlango uliofungwa.